Vipande vya Chenji na Deni la Chama

(Hotuba iliyotolewa na Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika katika semina ya makatibu na watunza fedha wa vyama vya msingi. Inachapwa hapa kwa manufaa ya wanachama ambao hawakuweza kuhudhuria.)



Nimepewa saa moja kuzungumza juu ya usimamizi wa fedha taslimu. Kwa idhini ya Mwenyekiti, leo sitazungumza juu ya fedha nyingi. Habari za wezi wa fedha nyingi tumekwisha kuzizungumza mno katika semina zilizopita, na baadhi ya wezi hao mmewasindikiza wenyewe hadi mahakamani. Leo nataka tuzungumze juu ya shilingi hamsini.

Katika ukaguzi wa chama kimoja cha msingi, ambacho sitakitaja kwa sababu kimekwisha kujirekebisha, nilikuwa nimekaa katika duka la chama nikihesabu bidhaa. Akaingia mama mmoja mtu mzima. Alifungua fundo la kanga yake, akatoa vikaratasi vilivyokatwa kutoka kwenye maboksi ya sabuni. Kila kikaratasi kilikuwa na muhuri wa chama, na juu ya muhuri kiasi kimeandikwa kwa kalamu: 50, au 100. Akasema, "Mwanangu, nipimie sukari kwa hizi." Mwuzaji, kijana aliyeajiriwa mwezi ule ule, alivitazama akajibu kwa adabu, "Bibi, hivi ni vya yule aliyeondoka. Mimi katika makabidhiano sikuvikuta."

Vikaratasi vile vilikuwa na jumla ya shilingi elfu nne na mia tatu. Mama yule hakugomba. Alianza kuvifunga tena, kimoja kimoja, kama mtu aliyezoea kujibiwa hivyo. Nilimwomba akae kidogo asubiri.

Mwuzaji aliyetangulia hakuwa mwizi. Sarafu zilikuwa hazipatikani, wateja walikuwa wakimlalamikia kwa kupewa peremende badala ya chenji, naye akabuni njia. Alichukua boksi, mkasi na muhuri. Wateja walivipokea vikaratasi kwa sababu walimfahamu, na kwa sababu walirudi dukani kila siku. Baada ya muda hata mwuza mchicha sokoni alikuwa akivipokea. Hakuna aliyeibiwa, na kila mtu alifurahi, mpaka siku yule bwana alipohama.

Ndugu zangu, jambo hili si geni duniani. Nilipokwisha kuandika taarifa yangu ya ukaguzi nililifuatilia, nikaona kwamba nchi moja iliyoacha kumbukumbu nyingi juu yake ni Uingereza, ambako wenye maduka waliwahi kutengeneza fedha zao wenyewe, tena zaidi ya mara moja. Naomba tuwatazame, maana yaliyowapata ndiyo yaliyotukuta sisi katika duka lile, isipokuwa wao walitumia shaba na sisi tukatumia boksi la sabuni.

Katika karne ya 17 sarafu halali za Uingereza zilikuwa za dhahabu na za madini ya fedha. Peni yenyewe ilikuwa ndogo, na nusu peni ya madini ya fedha ilikuwa ndogo zaidi, kiasi cha kupotea katika kiganja cha mtu mwenye mikono ya kazi. Wapiga sarafu wa mfalme hawakupenda kuitengeneza, kwa kuwa jasho la kupiga sarafu moja ndogo linakaribia lile la kupiga sarafu kubwa, na faida yake ni kidogo. Mwaka 1613 Mfalme James wa Kwanza alimpa bwana mmoja mkubwa, Lord Harington, leseni ya kutengeneza robo peni za shaba kwa faida. Watu hawakuzipenda. Leseni ile ilipita mikono kadhaa, na mwaka 1644, nchi ikiwa vitani yenyewe kwa yenyewe, Bunge likaisimamisha. Mwaka 1649 mfalme aliyekuwapo, Charles wa Kwanza, akakatwa kichwa. Wakubwa walikuwa na mambo yao. Mwuza mishumaa alikuwa na mteja mbele yake anayedai chenji.

Basi kuanzia mwaka 1648 wenye maduka, wenye mikahawa ya pombe, waokaji mikate na wauza nguo walianza kuagiza vipande vyao vya shaba nyekundu au shaba njano, vya thamani ya robo peni na nusu peni. (Nasema "vipande" kwa kukosa neno jingine. Asije mzee akafikiri nazungumzia kile kipande cha kazi cha mashamba ya mkonge, chenye siku thelathini.) Juu ya kipande paliandikwa jina la mwenye duka, mji wake, mara nyingi na alama ya biashara yake. Vingi vilikuwa na herufi tatu: juu herufi ya jina la ukoo, chini yake herufi ya jina la mume na herufi ya jina la mke. Wale wanaojua ni nani hasa hushika kijisanduku cha fedha katika duka la nyumbani hawatashangaa kuiona herufi ya mke.

Vipande hivi vilitembea umbali gani? Mwandishi John Evelyn, aliyeishi nyakati zile, alieleza mwaka 1697 kwamba ni mara chache vilipita mtaa wa pili au wa tatu. Hapo ndipo penye siri ya jambo lote. Kipande kile hakikuwa fedha kwa sababu ya shaba yake, maana shaba ile ilikuwa na thamani ndogo kuliko iliyoandikwa. Kilikuwa fedha kwa sababu aliyekishika aliujua mlango wa aliyekitoa, na aliweza kwenda kuugonga akadai peni yake. Ukimpelekea mtu asiyeujua mlango ule, kinarudi kuwa kidude cha shaba.

Sasa tazameni upande wa pili, upande wa mwenye duka. Kila kipande kilichotoka mlangoni kwake ni mkopo aliopewa na mteja bila riba, na mteja mwenyewe hana habari kwamba amekopesha. Kikipotea shambani au kikianguka mtoni, mkopo huo umegeuka kuwa faida ya duka. Mwenye duka akifa, au akifilisika, au akihama usiku, mwenye kushika kipande ndiye anayepata hasara. Na kwa kawaida anayeshika vipande vingi vya senti ndogondogo si tajiri. Tajiri hununua kwa jumla na kulipa kwa fedha kubwa. Senti humkalia yule anayenunua chumvi ya leo na mafuta ya leo.

Mwaka 1672 Mfalme Charles wa Pili alitoa nusu peni na robo peni za shaba za serikali, akapiga marufuku vipande vya watu binafsi. Tangazo lilikuwa jema. Lakini kuanzia siku ile kila aliyekuwa na vipande kibindoni alibaki na kazi ya kumtafuta aliyevitoa.

Kabla sijaendelea, nitaje mji wa Bristol, maana unatuhusu zaidi. Mwaka 1652 utawala wa mji ule ulitoa robo peni zake, zenye jina la mji badala ya jina la mwuza duka. Tofauti ni kubwa. Mwuza duka hufa, mji haufi. Na sisi chama chetu, ndugu makatibu, hakifi pale mwuzaji anapohama. Kina uhai wake kisheria, kina muhuri wake, kinadai na kudaiwa kwa jina lake. Yule kijana aliposema "hivi ni vya yule aliyeondoka" alisema kweli kwa mujibu wa hati ya makabidhiano, lakini kwa mujibu wa muhuri alikosea. Muhuri ulikuwa wa chama.

Kiasi cha miaka mia moja baada ya tangazo la Charles hali ilirudi ile ile. Serikali ya Uingereza iliacha kupiga nusu peni za shaba mwaka 1775, huku viwanda vikiongezeka na maelfu ya wafanyakazi wakitakiwa kulipwa kila juma. Nusu peni nyingi zilizokuwa mikononi mwa watu zilikuwa za bandia. Mwaka 1787 Kampuni ya Mgodi wa Parys, katika kisiwa cha Anglesey huko Wales, iliyokuwa na shaba yake yenyewe, ilianza kupiga peni na kuwalipa wachimbaji wake. Upande mmoja iliweka kichwa cha kuhani wa kale mwenye ndevu, na upande wa pili iliandika ahadi ya kumlipa mwenye kuishika peni moja. Kwenye ukingo, mahali ambapo sisi huona vijistari tu, iliandika kwamba malipo hupatikana pindi yakidaiwa London, Liverpool au Anglesey. Mwaka ule ule mwenye viwanda vya chuma aitwaye John Wilkinson alitoa vyake, akaweka uso wake mwenyewe pale ambapo watu walizoea kuuona uso wa mfalme. Majivuno hayo tumwachie, lakini ukingoni naye alitaja viwanda vyake.

Nimetaja ukingo kwa makusudi. Maandishi yale ya ukingoni yalimwambia mwenye kushika kipande ni nani anayedaiwa na aende wapi. Vikaratasi vya boksi la sabuni havikuwa na tarehe, wala namba, wala sahihi. Vilikuwa na muhuri tu, na kiasi kilichoandikwa kwa kalamu ambayo hata mtoto wa darasa la tatu angeweza kuiongezea sifuri.

Wakafuata waigaji. Katika miaka michache walitokea watu waliotengeneza vipande vyepesi, vingine havitaji mtu yeyote wa kudaiwa, vingine vimetaja mahali kwa namna ya kumpumbaza asiyesoma. Mwaka 1797 serikali ilimwagiza Matthew Boulton, mwenye kiwanda cha Soho karibu na Birmingham, kilichokuwa na mitambo ya mvuke, kupiga peni ya shaba yenye uzito wa aunsi moja kamili, na ya peni mbili yenye aunsi mbili. Zilikuwa nzito hata watu wakazifananisha na magurudumu ya mkokoteni. Ajabu moja nilitaje hapa kwa wenye kupenda vitu vya kale. Mwaka 1850 mitambo ya kupigia sarafu ya Soho ilinunuliwa na Ralph Heaton wa Birmingham, na kiwanda cha Heaton ndicho kilichopiga baadhi ya zile senti za tundu za Afrika Mashariki ambazo babu zetu waliweza kuzitunga kwenye kamba. Ukiikuta ya zamani nyumbani, itazame vizuri. Herufi H iliyo juu yake ni ya huyo.

Shaba ilipopanda bei, uhaba ukarudi, na katika miaka ya 1811 na 1812 vipande vya watu binafsi vikatapakaa mara nyingine. Safari hii Bunge lilipovikataza, kwa sheria ya mwaka 1817, lilifanya jambo ambalo nataka mliangalie. Vipande vya shaba kwa jumla vilipewa muda mfupi kumalizika. Lakini vile vilivyotolewa na wasimamizi wa maskini wa Birmingham viliruhusiwa kuendelea hadi mwaka 1820, na vile vya wasimamizi wa maskini wa Sheffield hadi mwaka 1823. Vilikuwa vimetolewa kwa wingi, na mdaiwa wake alikuwa mfuko wa maskini wa mji. Kuvifuta kwa siku moja kungeuvunja mfuko huo, au kungewaachia hasara watu wale wale ambao mfuko uliwekwa kwa ajili yao. Bunge lilikubali usumbufu wa miaka kadhaa ili deni lilipwe. Sisi katika ushirika hatuna sababu ya kufanya pungufu ya hapo.

Najua baadhi yenu mnataka kuniuliza: je, peremende? Siku hizi mwenye duka akikosa sarafu ya hamsini au ya mia hunyoosha mkono akatoa peremende mbili au kiberiti. Watu wengi huona kwamba hilo ni afadhali kuliko kikaratasi. Mimi naona ni baya zaidi. Kikaratasi, pamoja na ubovu wake wote, kinakiri deni. Peremende inalifuta deni kwa kumwuzia mtu kitu ambacho hakukiomba, kwa bei ambayo hakuipatana. Na siku ya pili akija na peremende zake kununua chumvi, duka lile lile linazikataa. Huko Uingereza waajiri wengi waliwalipa wafanyakazi kwa bidhaa, au kwa hati zinazopokewa katika duka la mwajiri peke yake, mpaka sheria ya mwaka 1831 ilipoagiza kwamba katika kazi nyingi za viwandani na migodini mshahara ulipwe kwa fedha halali. Wale wanaushirika 28 wa Rochdale, waliofungua duka lao mwezi Desemba mwaka 1844, walitoka katika watu walioyajua maduka ya namna hiyo. Duka la ushirika linalomlazimisha mwanachama kupokea peremende limesahau lilikotoka.

Hata hivyo wanaushirika wa Uingereza nao walikuwa na vipande vyao. Mwanachama aliponunua alipewa kipande cha bati au cha shaba njano chenye jina la chama na kiasi cha manunuzi, na mwisho wa kipindi alivirudisha vikahesabiwa ili apate gawio lake. Vyama vingine viliuza vipande vya mkate na vya maziwa: mwanachama alilipia mapema, na asubuhi akaacha kipande mlangoni pamoja na chupa tupu. Vipande hivyo vilifanya kazi kwa miaka mingi sana. Vilikuwa na matatizo pia, vilipotea na viliazimanwa, hata vyama vingi vikahamia kwenye stakabadhi za karatasi zenye nakala. Lakini havikuwa siri ya mwuzaji mmoja. Chama kilijua kimetoa vingapi.

Sasa turudi katika vitabu vyetu, maana huko ndiko nilikougundua ubovu wenyewe. Mteja ameleta noti ya shilingi elfu moja. Amenunua bidhaa za shilingi 850. Amepewa kikaratasi cha 150. Jioni mwuzaji anahesabu: mauzo kwa daftari ni 850, sandukuni mna 1,000. Kuna shilingi 150 zaidi. Zidisha hizo kwa wateja wa mwezi mzima. Katika chama kile mtunza fedha aliona kila juma kwamba sanduku lina ziada, naye kwa uaminifu wake wote akaiandika kuwa ni "mapato mengineyo". Kamati ikaona mapato mengineyo yanapanda, ikafurahi, ikajiongezea posho ya vikao. Ndugu zangu, walikula chenji ya wanachama wao, na hapana hata mmoja aliyejua kwamba anakula. Kisha vikaratasi vilipoanza kurudi na sukari kutoka bila fedha kuingia, sanduku likaonyesha upungufu, na aliyetakiwa kujieleza akawa ni kijana mgeni. Kwa hiyo sikumlaumu kwa kuvikataa. Alikuwa anaulinda mshahara wake.

Kilichofanyika ni hiki. Siku ile ile mwenyekiti wa chama aliidhinisha mama yule alipwe elfu nne na mia tatu kwa fedha taslimu, nikaandika hati ya malipo mwenyewe kwa kuwa hakuna aliyejua iandikwe katika fungu gani. Kamati ilipokutana ilitangaza msikitini, kanisani na sokoni kwamba kila mwenye kikaratasi chenye muhuri wa chama akilete ndani ya miezi mitatu. Vilikuja vingi. Vingine vilikuwa vimeguguniwa na panya, kimoja kimefuliwa pamoja na suruali. Kamati iliamua kulipa kila ambacho muhuri wake ulionekana, nami niliunga mkono, ingawa ninaamini vichache vilikuwa vimeongezewa sifuri. Gharama ya kubishana na kila mtu ingezidi hasara. Makisio ya deni lisilorudi yamewekwa katika mizania kama deni, na yatabaki hapo mpaka mkutano mkuu wa wanachama utakapoamua. Kamati haina mamlaka ya kuyageuza kuwa mapato.

Kwa vyama vyenu ushauri wangu ni mfupi. Kutoa noti na sarafu katika nchi yetu ni haki ya Benki Kuu ya Tanzania peke yake, kwa sheria ya mwaka 2006. Msijaribu kutengeneza kitu kitakachozunguka sokoni, hata kama wanachama wenyewe wanakiomba. Mwuza mchicha akianza kukipokea, jueni mmekwisha kuvuka mpaka. Chenji ikikosekana, iandikwe katika kitabu cha mwanachama kwa jina lake, siku ile ile, mbele yake, na katika daftari la duka iwekwe chini ya fungu la wadai. Asiye mwanachama aandikiwe stakabadhi yenye namba, tarehe na nakala, asiyoweza kumpa mtu mwingine, na alipwe pindi anaporudi. Katibu apeleke benki barua ya kuomba sarafu kabla ya msimu wa kununua mazao, si siku ya soko. Bei za bidhaa zipangwe ziishie kwenye mia pale inapowezekana, lakini kwa kushusha pia, si kwa kupandisha tu. Hilo la mwisho naliona mkilitabasamu, na ninajua sababu. Malipo kwa simu yamepunguza tatizo, siyakatai, ila mwanachama wa chumvi ya mia mbili hatakubali kukatwa ada ya kutuma kila anunuapo, wala hapaswi kukubali.

Na katika kila makabidhiano ya mwuzaji, ongezeni mstari mmoja katika hati: "Chenji inayodaiwa na wateja." Kama hakuna, paandikwe hakuna, na wote wawili waweke sahihi. Mfano wa hati hiyo nimeupiga chapa, uko kwa karani wa Chama Kikuu pale mlangoni. Kila katibu achukue nakala mbili kabla ya kuondoka, na wale wenye vikaratasi vya namna yoyote katika maduka yao waje tuzungumze wakati wa chai. Sitaandika jina la mtu.